Sindano ya Kapita

Daktari alisoma ile barua mara mbili. Mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili amekaa, miwani ameipandisha juu ya paji la uso. Kisha akaikunja kama ilivyokuwa, akamtazama Kapita aliyejilaza kwenye saruji, udenda ukimchuruzika mpaka ukafanya kidimbwi kidogo chini ya kidevu, halafu akanitazama mimi.

"Mama, hii barua uliisoma?"

"Niliisoma, Docteur."

"Na ukaielewa?"

Swali hilo liliniudhi. Mimi ni mpishi, si mjinga. Kule Bukavu nilisoma kwa masista mpaka darasa la sita, na Kifaransa cha barua fupi hakinipigi chenga. Bahasha ilikuwa wazi, nami nilikuwa nimeisoma njiani, nimesimama kwenye kivuli cha ukuta wa watu huku Kapita akipumzika. Ilikuwa na sentensi mbili tu, kwa mwandiko wa Mzee Callixte, mwandiko ulionyooka wa mtu aliyekagua shule za msingi kwa miaka thelathini. Alimwomba daktari amfanyie mbwa wake jambo moja, *piquer*. Akaongeza kwamba mbwa huyo ameteseka vya kutosha. Sasa nani asiyejua piqûre? Mtoto wa Bujumbura akisikia neno hilo anashika makalio yake na kuanza kulia kabla hajaiona sindano yenyewe.

"Nimeielewa," nikasema. "Umupige piqûre, apone. Na tufanye mbio kidogo, Docteur. Niliacha maharagi ku mbabula, juu ya makaa, na Muzee hajuaka kuangalia chungu."

Daktari hakucheka. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini na mitano, jina lake Rénovat, limeandikwa kwa kalamu kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Akavuta kiti cha plastiki.

"Ikala kwanza, Mama."

Nilikaa. Mtu akikuambia ukae kwanza, ujue anachotaka kusema hakisikilizwi kwa miguu.

"Kwa Kifaransa, ukisema mutu apigwe piqûre, ni dawa. Lakini ukisema *piquer* mbwa, ni neno la adabu, kusudi mutu asiseme lile lingine. Muzee wako ananiomba nimuue huyu mbwa. Alale, asiamuke tena."

Nilimtazama Kapita. Alikuwa ameinua jicho moja aliposikia sauti zetu zimepungua. Asubuhi ile nilikuwa nimemwogesha kwa sabuni yangu mwenyewe, ile ya Jumapili, ili asiniaibishe mbele ya daktari. Nilikuwa nimemvuta kwa kamba kutoka Mutanga Nord mpaka Nyakabiga, nikimbembeleza njia nzima: twende, Kapita, twende ukapone.

*

Niseme ukweli, sikumpenda tangu mwanzo. Kwetu mbwa alikuwa kitu cha uani, unamtupia makombo na unamkumbuka siku mwizi akija. Nilipoanza kazi kwa Mzee Callixte, miaka sita iliyopita, nilimkuta mbwa mwenye rangi ya chai ya maziwa anayezunguka nyumba kila asubuhi, pua chini, akikagua mlango mmoja baada ya mwingine kama msimamizi wa vibarua. Ndiyo maana Madame Epiphanie, mke wa Mzee, alimwita Kapita.

Madame Epiphanie alikuwa na mambo yake, na moja lilikuwa hili: kila jioni, baada ya mbwa kula, alikaa kwenye ngazi ya nyuma na kumsugua meno. Meno ya mbwa! Kwa mswaki, mswaki wa kweli, wenye mpini wa kijani. Kapita alifumba macho na kuachama kama mzee kwa kinyozi. Nilikuwa nikiosha vyombo nawaangalia dirishani, nikijiambia kuwa huko ninakopanga, Nyakabiga, kuna watoto wanaopeana mswaki mmoja watu wanne. Siku moja alinishika nikitabasamu.

"Unacheka, Skola," akasema. "Yeye hana mikono. Ni nani atamusafishia?"

Kisha Madame akaugua. Alianza kwa kuacha nyama, baadaye akaacha wali, mwisho hata uji aliusukuma pembeni kwa kidole. Miezi mitano. Mzee alikuwa akikaa naye na kijiko mkononi, chakula kikipoa, akimbembeleza kwa Kirundi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tena. Tulimzika mwezi wa pili, mvua ikinyesha.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa na watu wawili na mbwa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kutafuna kitu kigumu. Kapita alihamia mlango wa jikoni. Nilianza kumhurumia, na mimi huruma yangu inatoka kwa sufuria: mkate niliolowesha kwenye chai ya maziwa yenye sukari, wali na mchuzi, biskuti za mjukuu wa Mzee. Mswaki wenye mpini wa kijani niliukuta kwenye ngazi, nikauchukua kusugulia kona za jiko la gesi. Ulikuwa unafika vizuri sana kule ambako kitambaa hakifiki. Mwaka mzima niliutumia hivyo, wala sikuwaza lolote.

Harufu ilianza polepole, hivyo hakuna aliyeweza kusema ilianza lini. Kapita akipiga miayo sebuleni, Mzee alikuwa akigeuza uso. Baadaye akamkataza sebule. "Amezeeka," alisema, "kama miye tu. Wazee tunanuka." Kuanzia Pasaka ya mwaka uliofuata akaanza kutokwa udenda. Halafu akaanza kuacha chakula: kwanza mifupa, kisha nyama, mwisho hata wali alikuwa anauramba upande mmoja na kuuacha. Nilimwona Mzee amesimama mlangoni akilitazama lile bakuli lililojaa. Alirudi chumbani kwake akafunga mlango, na mimi nikadhani ni joto.

Lililomaliza mambo lilikuwa la Elysée. Huyo ndiye mjukuu, mtoto wa Amélie, binti yao mkubwa anayekaa nyumba ya pili. Ana miaka mitano na anapenda kulisha kila kinachopumua. Jumamosi moja alimshika Kapita mashavu kwa mikono miwili amtie biskuti mdomoni kwa nguvu, na Kapita, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuonyesha jino, akageuka na kumng'ata mkono wa shati. Shati likachanika. Ngozi haikuguswa, nililikagua lile toto mkono mara tatu chini ya bomba. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kusikia kelele. Alifika uani bila viatu.

"Papa, angalia udenda ule! Yule mbwa iko na kichaa!"

"Ana chanjo, Amélie."

"Ni mbwa ao ni mutoto. Uchague."

Mzee alichagua siku mbili nzima. Jumatatu asubuhi aliniita barazani akanipa bahasha na mfuko mdogo wenye karatasi za mbwa, kwa sababu mtu yule hawezi kutuma hata kilo ya chumvi bila karatasi zake. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliinama, akamshika Kapita masikio yote mawili, akaanza kulia. Machozi ya kweli, yanaanguka kwenye pua ya mbwa, na mbwa anayaramba.

Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikamwambia: "Eh, Muzee! Piqûre moja tu, na unalia hivyo? Mbona mbwa mwenyewe hata haliaki?"

Alininyanyulia uso. Nilivyouona uso ule nilidhani ni aibu.

"Nenda naye, Skola," akasema. "Nenda naye mbio."

*

Siku zile petroli ilikuwa imekosekana tena mjini, tuktuk zilikuwa zimepangwa mistari mbele ya vituo kama watu wa misa. Tukaenda kwa miguu. Nyakabiga, karibu na kliniki, tulimpita Zubeda, jirani yangu anayeuza sambusa mbele ya nyumba yetu. Alipomwona Kapita na udenda wake alivuta gauni pembeni asiguswe, maana alikuwa ameshatawadha.

"Skola! Ule bwana mupya umemutosha wapi?"

"Mutanga Nord," nikamjibu. "Batu wa kule wanasuguaka meno."

Nilicheka tena. Nikikumbuka jinsi nilivyocheka siku ile, mwili unanisisimka.

*

"Mimi simwachi hapa," nikamwambia daktari, bado nimekaa kwenye kile kiti. "Kama ni kumuua, ninarudi naye."

"Buretse, ngoja, Mama. Sijasema nitamuua." Alikuwa tayari amevaa glovu. "Huwa siuwi mbwa kwa barua. Kwanza naangalia. Alimuuma mutu?"

"Mukono wa shati. Ngozi apana."

"Carnet ya chanjo?"

Nikamtolea mfuko wa Mzee. Alisoma tarehe, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Udenda huu tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Sasa tuko mwezi wa saba," akasema. "Kichaa cha mbwa hakingojaka hivyo. Mbwa akianza kutoa udenda wa kichaa, hafikishi wiki mbili, amekufa. Huyu amekungojea miezi tatu na amekuja kwa miguu yake. Kuna kitu ingine. Umushike kichwa, umusemeshe."

Nilimshika, nikamsemesha. Daktari akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Harufu ikatupanda wote wawili mpaka machoni. Miezi yote ile nilikuwa nimeinusa ile harufu kwa mbali, lakini sikuwahi kuangalia inakotoka. Kule nyuma, meno hayakuonekana kuwa meno. Yalikuwa yamefunikwa gamba nene la kahawia na manjano, kama ukoko wa ugali uliogandia sufuria ambayo mtu ameisahau wiki nzima. Ufizi juu yake ulikuwa mwekundu, umevimba, na mahali pamoja palikuwa panatoa usaha.

"Hii njo kichaa chake," daktari akasema. "Tartre."

"Tartre ni nini?"

"Ni ukoga wenye haukusuguliwa. Siku mbili tatu unaanza kuwa mugumu, kisha unakuwa jiwe. Jiwe linasukuma ufizi, vijidudu vinaingia chini, jino linaoza mu mzizi. Angalia hapa: hili limevunjika, pengine ku mufupa wa kupika, na ndani kuna jipu. Mutoto alipomushika mashavu, alimushika juu ya jipu. Weye ungefanya nini?"

Ningeuma. Ningeuma na ngozi yenyewe. Nilisema hivyo hivyo, na daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sasa nieleze, alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia. Mkate wa chai, sukari, wali, biskuti. Nikamwambia na mswaki wa kijani, na jiko la gesi. Sijui kwa nini nilimwambia, hakuniuliza, lakini ilikuwa kama maneno yanatoka yenyewe. Nilikuwa nalia sasa, mbwa ameniegemea mapajani, namwona Madame Epiphanie kwenye ngazi akiniuliza ni nani atamsafishia asiye na mikono. Daktari alinipa kipande cha pamba nipenge kamasi.

"Anaweza kupona?" nikauliza.

"Anaweza. Namusafisha yote, natosha mu mdomo meno mawili, labda matatu, dawa siku kumi, na atakula. Moyo wake nausikia muzuri. Lakini barua iko hapa, Mama, na barua inasema ingine. Mupigie Muzee."

Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, na tena. Mzee Callixte hajawahi kuzima simu, hata kanisani huwa anaiweka kwenye soksi ikitetemeka. Nilielewa kwa nini ameizima, na nilielewa kwamba hataiwasha mpaka nirudi.

Kumrudisha nyumbani nilijua maana yake. Amélie angekuwa mlangoni, Mzee angekuwa amelia machozi yake yote na hana ya mara ya pili, na kesho yake angetafutwa mtu mwingine wa kumpeleka, mtu asiyeuliza maana ya maneno. Daktari aliniwekea karatasi mezani. Palikuwa na mstari wa jina la mwenye mbwa.

"Bila mutu wa kusaini, siwezi kufungua hata dawa," akasema. "Mambo ya malipo nitaongea na Muzee mwenyewe, hayo usiogope."

Mimi kusaini? Kazi yangu kwa Mzee ni ya mdomo tu, hakuna karatasi inayonijua. Kama mbwa angefia mezani, ningekuwa nimemuua mbwa wa tajiri wangu kwa jina langu mwenyewe, na kama angepona, ningekuwa nimekaidi amri iliyoandikwa. Nilishika kalamu. Nikaandika pole pole, kwa herufi kubwa kama masista walivyotufundisha: Bahizire Scholastique, Nyakabiga. Mwenye mbwa.

"Muzuri," daktari akasema. "Sasa nimulalishe."

Nilisimama katikati yake na Kapita.

"Kumulalisha? Na hili nalo maana yake ni nini?"

"Ni kulala, Mama. Mbwa hakubali utie chuma mu mdomo wake akiwa macho."

"Na kuamuka?"

"Na kuamuka."

"Sema yote mbili pamoja."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Kisha akaacha kucheka, akanisemesha kama mtu anavyomsemesha ndugu wa mgonjwa. "Atalala, kisha ataamuka. Ni mbwa muzee, kwa hiyo hatari kidogo iko, sitakuficha. Lakini nitakuwa naye dakika zote. Alikula leo?"

"Tangu jana hajagusa kitu."

"Basi njo saa yake."

*

Nilikaa nje kwenye benchi saa mbili na zaidi. Ndani kulikuwa na mashine iliyolia kama mbu aliyekasirika, ikinyamaza, ikianza tena. Ilipokuwa ikinyamaza muda mrefu nilisogea mlangoni kusikiliza. Nilisali rozari kwa vidole, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Maharagi sikuyakumbuka hata mara moja.

Daktari alipofungua mlango alikuwa ameshika kisahani. Ndani yake kulikuwa na meno mawili makubwa, mizizi yake myeusi, na vipande vya lile gamba, vigumu kweli, vikigonga bati la kisahani vinapoteleza. Nilitazama zile takataka na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

"Njoo umuone," akasema. "Ameinua kichwa."

Kapita alikuwa amelalia blanketi, ulimi umening'inia pembeni, macho hayajui yanakoangalia. Nilimwita. Mkia ulipiga meza mara moja tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hana uhakika wa nyumba. Hapo nikashusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu ile "ikala kwanza". Nilimbusu mbwa kwenye pua. Mimi, Bahizire, wa kubusu mbwa. Sijali aliyeniona.

*

Leo ni mwaka wa pili tangu siku ile na Kapita bado yuko. Kila jioni akishakula mmoja wetu anakaa naye. Mwanzoni ilikuwa vita. Nilitaka kumwanza na mswaki mzima kwa mara moja, akanikimbia mpaka chini ya gari lisilo na petroli. Daktari alinifundisha kwenda kidogo kidogo: siku za kwanza kidole tu kilichofungwa kitambaa chenye maji, halafu kidole na dawa yake yenye ladha ya kuku, halafu mswaki laini wa mtoto, kwanza meno ya mbele, wiki nyingine ya nyuma. Colgate ya watu ni mwiko, kwa sababu mbwa hajui kutema, anameza kila kitu. Mifupa ya kupika hakuna tena. Mkate wa chai nao hakuna, ingawa hilo tulilia wote wawili. Kila miezi sita tunashuka Nyakabiga daktari amwangalie, na Zubeda ananiuliza bwana wangu anaendeleaje.

Elysée ndiye anayeshika taa ya simu tunapokagua meno ya nyuma. Anaamrisha: "Kapita, fungua!" Na Kapita anafungua. Amélie alichukua miezi kukubali, lakini siku moja nilimkuta ngazini, amevaa vizuri kwa kwenda kazini, akijaribu kuinua mdomo wa mbwa kwa kucha zilizopakwa rangi. Alipoona namtazama alisema anaangalia tu.

Lakini nimeruka. Siku yenyewe ilikuwa haijaisha.

*

Tuliondoka kliniki kama saa tisa. Kapita alikuwa akitembea kama mlevi wa siku ya mshahara, anakwenda kushoto akitaka kulia, na kila baada ya nyumba tano nilimwacha apumzike. Mimi sikutaka kupumzika. Furaha ilikuwa imetulia kidogo, na chini yake nilikuta hasira. Mzee amenituma nikaue. Hakunieleza kwa lugha ninayoielewa, amenipa bahasha kama mtu anayempa mtoto barua ya kwenda nayo kwa mwalimu ili achapwe. Njia nzima ya kupanda nilikuwa natengeneza maneno ya kumwambia, na nilikuwa na maneno makali, nikiyapanga hili kwanza hili baadaye.

Nilifungua geti. Kapita alikuwa amebaki nyuma, ananusa ukuta wa jirani. Mzee alikuwa nyuma ya jiko, kwenye kile kipande cha udongo ambako Madame alikuwa anapanda lengalenga. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, suruali imekunjwa, jembe mkononi. Mbele yake kulikuwa na shimo. Alikuwa amelichimba peke yake, mtu wa miaka sabini na minne, na kingo zake zilikuwa zimenyooka vizuri. Hakugeuka.

"Imeisha?" akauliza.

Nikiri. Nilijua anauliza nini. Nilikuwa naweza kusema neno moja tu likamtua mzigo, na sikulisema. Nilitaka aonje, hata kidogo, kile nilichokionja kwenye kile kiti cha plastiki.

"Imeisha, Muzee."

Mabega yake yakashuka. Alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na suruali yake ya kanisani. Nikajuta kabla hajafika chini. Lakini hata kabla sijafungua mdomo, Kapita akapita pembeni yangu, akiyumba, akaenda moja kwa moja kwa ule udongo mbichi. Akaunusa. Akamnusa Mzee shingoni. Mzee aligeuka akakutana uso kwa uso na mbwa aliyekuwa amemwagia machozi asubuhi.

Hakupiga kelele. Alimshika masikio, akamtazama, akanitazama, akamtazama tena.

"Ilikuwa meno," nikasema. "Meno tu, Muzee. Ukoga uligeuka jiwe. Wametosha mawili. Docteur anasema atakula. Kesho kutwa atakula."

"Atakula," Mzee akarudia.

"Atakula."

"Nilizani ni kama..." Hakumalizia, na hakuhitaji kumalizia, mimi nilikuwepo zile jioni za kijiko cha Madame. Aliinua mdomo wa Kapita kwa kidole, kwa uangalifu mkubwa, akasogeza pua. Kwa mwaka mzima hakuwa amemruhusu mbwa yule amkaribie usoni. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena, na Kapita akampumulia usoni pumzi ndefu ya usingizi.

Kisha Kapita akaliona shimo. Udongo ulikuwa baridi, na ilikuwa kiangazi. Aliingia kwa miguu ya mbele, akafikiri, akaingia yote, akazunguka mara mbili kama anavyozunguka kwenye gunia lake, akalala. Urefu ulimtosha barabara.

"Asubui ulinicheka," Mzee akasema, macho yake yakiwa shimoni. "Nilisema mu roho yangu, huyu mwanamuke hana huruma hata kidogo. Siku nzima nimekuchukia, Skola."

"Sikujua maana ya lile neno, Muzee. Nilizani ni piqûre ya kupona."

Alikuwa anafuta udongo kwenye mikono, kidole kimoja kimoja, na haukuwa unatoka.

"Weye haukujua," akasema mwishowe. "Miye nilijua, na nikakutuma weye."

Maneno yangu yote makali, niliyoyapanga kutoka Nyakabiga, niliyatafuta na sikuyaona. Nilikwenda jikoni. Maharagi yalikuwa yamekuwa makaa. Nikachukua viti viwili, vile vidogo vya kumenyea viazi, nikaja navyo uani.

Mzee alitaka tulifukie shimo hapo hapo, asilione tena. Lakini Kapita alikuwa ameanza kukoroma humo ndani, na daktari alikuwa ameagiza aachwe alale mpaka dawa imtoke yenyewe. Basi tulikaa, mimi upande huu na Mzee upande ule, miguu karibu na kingo, jua likituchoma, tukimngoja mbwa aamke kaburini mwake.